Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: mtoto anayemsomea bibi meseji naye afundishwe

Kwenu Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Wakurugenzi wa halmashauri zetu 15, Maafisa Elimu Msingi, Wathibiti Ubora wa Shule, na madiwani mnaopitisha bajeti.

Salaam kutoka Newala.

Nina ombi moja. Kila shule ya msingi ya serikali katika mikoa hii miwili iwe na kipindi kimoja kwa wiki, kuanzia Darasa la Tatu, cha kuwafundisha watoto jinsi kompyuta inavyofanya kazi na jinsi ya kujilinda kwenye simu na intaneti. Kipindi hicho kianze Januari shule zikifunguliwa, kwa ubao, chaki na vishikwambi ambavyo walimu wanavyo tayari. Kisisubiri jengo wala kompyuta za msaada, kwa sababu simu hazikusubiri. Zimeshaingia majumbani na watoto wanazishika kila siku.

Mimi ni fundi simu na ni mzazi. Nabadilisha vioo, natengeneza mfumo wa chaji, naflashi simu zilizogoma. Watu wa kazi yangu tunaona mengi ambayo mwalimu haoni na mzazi haoni, na kwa hakika hayafiki ofisini kwenu. La kwanza kati ya hayo ni hili: katika nyumba nyingi za huku, mwenye simu ni mtu mzima, lakini msomaji wa simu ni mtoto.

Msimu wa korosho uliopita alikuja bibi mmoja kutoka vijiji vya bondeni, upande wa Mto Ruvuma, akiwa na mjukuu wake wa Darasa la Nne. Bibi alisema simu imekula hela. Simu haikuwa na ubovu wowote. Nilipomuuliza kijana, akanieleza kwa utaratibu mzuri tu. Walipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, akasema malipo ya korosho yamekwama na yatarudi yalikotoka yasipothibitishwa siku ile ile. Ikaingia meseji yenye namba sita, akaambiwa azisome. Akazisoma. Akaulizwa namba ya siri ya bibi, akaitaja, maana yeye ndiye anayetumwa kwa wakala kila bibi anapotaka kutoa hela, kwa hiyo namba anaijua kama jina lake. Dakika chache baadaye salio likawa sifuri.

Bibi hakumkaripia. Kijana alikaa pembeni anakwangua rangi ya benchi kwa ukucha, hainui uso. Nikawasaidia kupiga kampuni ya simu ili akaunti ifungwe, nikatuma namba ya yule tapeli kwenda 15040, ambayo ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa simu, na nikaangalia kwa *106# kama kuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha bibi. Hela haikurudi.

Nikamuuliza kijana shuleni wanafundishwa nini kuhusu kompyuta. Akanitajia bila kusita: monita, kibodi, kipanya, printa. Alikuwa amejifunza kwa kaka yake, kwenye daftari la Sayansi na Teknolojia la mtaala uliotangulia, ambako kaka mtu alichora kompyuta kwa kalamu ya risasi akaandika majina ya sehemu zake. Kompyuta yenyewe hajawahi kuigusa, wala kaka yake. Lakini simu anaishika kila siku, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kwamba zile namba sita zinazoingia kwa meseji hazisomewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni meneja wa benki.

Waheshimiwa, tazameni kilimo chetu kilivyobadilika. Minada ya korosho sasa inaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi wanashindana kwenye skrini. Malipo ya mkulima yanapita kwenye akaunti ya benki na taarifa zake zinakuja kwa meseji. Kila kinachomhusu mkulima wa Tandahimba, Masasi au Nachingwea, kuanzia bei ya mnada hadi hela ya kununulia salfa, dawa ya mikorosho, kinapita kwenye kile kisimu kilichofungwa kwenye kitenge. Matapeli wanajua msimu unaanza lini na hela zinaingia lini. Kwangu mimi malalamiko ya aina hii huja kwa wingi kuanzia Novemba, minada inapopamba moto. Na anayefungua meseji hiyo, akaitafsiri kwa Kimakonde, Kimakua au Kimwera ili mzee aelewe, ni mtoto wa miaka kumi. Ukimfundisha huyo mtoto, umelinda akiba ya nyumba nzima. Sijaona semina ya wakulima inayoweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo namna hiyo.

Anachotakiwa kujua si kikubwa. Ajue namba ya siri na namba za uthibitisho ni za nini, na kwa nini kampuni ya simu haina sababu ya kumuuliza. Ajue kwamba "ile hela itume kwenye namba hii" ni meseji inayotumwa kwa maelfu ya watu kwa mkupuo, ikitafuta mmoja tu ambaye kweli anadaiwa. Ajue kwamba haraka ndiyo silaha ya tapeli, kwamba anayesema "sasa hivi, usikate simu" anakatiwa simu. Ajue kwamba linki inayosema bonyeza upate bando la bure inaweza kumpeleka kwenye ukurasa uliotengenezwa ufanane na wa kampuni, ili aandike humo namba ya siri. Mtoto wa Darasa la Nne anaelewa haya kwa vipindi vichache, na jioni ile ile atamfundisha bibi.

La pili ni zito zaidi.

Wazazi huniletea simu za watoto wao, au simu ambazo watoto wanatumia usiku watu wakilala, wanataka nitoe loki waone kilichomo. Siku hizi namwambia mzazi tuifungue mtoto akiwepo. Ninachokutana nacho kina sura moja. Mtu asiyejulikana amemkuta mtoto kwenye TikTok au kwenye grupu la WhatsApp. Ameanza kwa upole. Amemtumia vocha ya elfu moja. Ameomba picha ya kawaida, amevaa sare za shule. Halafu amesema wewe ni mzuri, nitumie nyingine. Baadaye imekuja picha ambayo mtoto hakutaka kuituma, na kuanzia hapo maneno yanageuka: usipofanya ninachotaka naipeleka kwa mama yako, naipeleka shuleni kwenu.

Haya si ya Newala peke yake. Mwaka 2022 UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga ukatili wa kingono kwa watoto) na polisi wa kimataifa, INTERPOL, walitoa utafiti walioufanya hapa Tanzania kuhusu watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Waliona kwamba asilimia 4 yao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono wa wazi kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja tu. Na hao ni waliokubali kusema. Mtoto wa kwetu anaogopa fimbo ya nyumbani kuliko anavyomwogopa yule mtu wa kwenye simu, ndiyo maana hasemi mpaka mambo yameharibika kabisa.

Sheria tunayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, inakataza picha za ngono za watoto, na kifungu cha 23 kinakataza uonevu wa mtandaoni. Namba 116 ya kumsaidia mtoto ni ya bure. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, maafisa ustawi wa jamii wapo kwenye halmashauri. Lakini waulizeni watoto wa Darasa la Tano katika shule yoyote ya kijijini, kuanzia Nanyumbu mpaka Liwale, ni wangapi wanaijua namba 116 kwa kichwa. Namba hiyo ingeandikwa kwa rangi ukutani kila shule, pale penye kengele, ambapo watoto hupita wote.

Na somo lenyewe limwambie mtoto maneno haya bila kificho: hata kama ulishatuma picha, aliyekosa ni mtu mzima aliyekuomba, njoo useme. Limwambie asifute zile meseji na asibadilishe laini, maana ndio ushahidi. Limwambie asilipe chochote, kwa sababu anayelipa mara ya kwanza hudaiwa tena. Mwalimu naye afundishwe kwamba picha hiyo haisambazwi kwa yeyote, hata kwenye grupu la walimu kwa nia ya kuuliza "jamani, mtoto huyu ni wa nani?". Kuisambaza ni kosa la jinai na ni kumwumiza mtoto mara ya pili. Anayepokea malalamiko aandike namba ya simu, tarehe na jina la akaunti, aipeleke simu yenyewe polisi.

Kuna jambo la umri ambalo wazazi wengi hawalifahamu na ningependa lifundishwe mpaka kwenye mikutano ya wazazi. Facebook, TikTok na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Mzazi anakuja na mtoto wa miaka kumi, anasema, "Fundi, mfungulie akaunti, weka mwaka wowote." Mtu akiandika mwaka 1990, ule mtandao unamchukua mtoto kama mtu mzima. TikTok, kwa mfano, akaunti ya aliye chini ya miaka 16 inafunguka ikiwa ya faragha na haipokei ujumbe wa siri kutoka kwa mtu. Ukidanganya umri, kinga hizo zote zimeondoka kwa mkono wako mwenyewe.

Nisiliache la jando na unyago, kwa kuwa ndiyo sisi. Siipingi mila, nimelelewa ndani yake. Lakini likizo za Juni na Desemba, siku ya kuwatoa wali, yaani watoto waliokuwa wakifundwa, simu zinazorekodi ni nyingi kuliko wanaocheza ngoma. Binti wa miaka tisa au kumi aliyepambwa, anacheza kwa furaha mbele ya shangazi zake, usiku wake yuko kwenye mtandao na watu wa mbali wanaandika chini yake maneno ambayo sitayarudia hapa. Makungwi na mangariba ni watu wanaosikilizwa. Mkuu wa Wilaya akikaa nao kabla ya likizo, wakakubaliana kwamba siku ya wali picha za watoto hazirushwi, litashikwa kuliko tangazo lolote la redioni.

Na nyinyi viongozi pia. Mnapokwenda kukabidhi madawati au sare, picha ya mtoto inawekwa kwenye kurasa za ofisi ikiwa na jina lake kamili, shule yake, kijiji chake na habari kwamba ni yatima. Anayetafuta mtoto wa kumrubuni amepewa kila kitu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Picha ya dawati jipya inatosha. Sura na jina la mtoto viachwe, au mzazi aulizwe kwanza.

Najua jibu ambalo limezoeleka: hatuna kompyuta, shule nyingine hazina umeme, subirini. Nalijibu kwa kirefu, kwa maana hapa ndipo mambo yanapokwama miaka yote.

Kwanza, kukosa mtandao hakumlindi mtoto. Kuna vijiji ambako ili upate mtandao unapanda kichuguu, na bado watoto wa huko wana video ambazo mtu mzima angeona aibu kuzitazama. Zinakuja kwenye memori kadi. Kijana anakwenda mjini na bodaboda, analipia kuwekewa muvi na nyimbo, ndani yake kumo na mengine, akirudi wanarushiana kwa Bluetooth.

Pili, mashine peke yake haifundishi. Peru waligawa kompyuta mpakato kwa wanafunzi wa shule za msingi za vijijini, moja kwa kila mtoto. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikatoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule 319: watoto walikuwa na kompyuta nyingi, lakini alama za hesabu na lugha hazikupanda. Walimu hawakuandaliwa vya kutosha na masomo hayakubadilika. Sisi tunaweza kuanzia upande wa pili, upande wa somo na mwalimu, na mashine ikija ikute watu walio tayari.

Tatu, sehemu kubwa ya elimu ya kompyuta haihitaji kompyuta. Huko New Zealand, katika Chuo Kikuu cha Canterbury, Tim Bell na wenzake wametengeneza kwa miaka mingi mazoezi ya kufundisha sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki. Jumamosi kadhaa nimeyafanya na watoto wa mtaani kwetu, chini ya mkorosho, na nawaeleza zoezi moja ili muone lilivyo rahisi.

Unachora ardhini mistari ya njia zinazokutana na kuachana, kwa jivu au kwa kijiti. Watoto sita wanasimama mwanzoni, kila mmoja na karatasi yenye uzito wa gunia la korosho: kilo 62, 48, 71, 55, 80, 50. Wanatembea. Kila wawili wakikutana kwenye duara wanalinganisha karatasi zao. Mwenye gunia jepesi anashika njia ya kushoto, mwenye zito anashika ya kulia. Hawaruhusiwi kuangalia ya mtu mwingine yeyote. Wakifika mwisho wa mistari, wamejipanga wenyewe kutoka jepesi mpaka zito, na hakuna aliyewapanga. Mara ya kwanza watoto hupiga kelele, hawaamini. Wanarudia kwa namba nyingine, wanajipanga tena. Hapo unawaambia kwamba kompyuta nayo haina akili ya kutazama vitu vyote kwa pamoja, inalinganisha viwili viwili tu, kwa kasi kubwa.

Siku moja hawakujipanga sawa. Mwenye 55 alisimama mbele ya mwenye 50. Mabishano yakaanza, kila mtu anamlaumu mwenzake. Binti mmoja wa Darasa la Tano akasema turudi nyuma duara kwa duara tuone. Wakarudi wakitembea kinyumenyume, wakakuta pale ambapo wawili walipita njia zisizo zao. Kutafuta kosa hatua kwa hatua, bila kugombana, ndiyo kazi yenyewe ya mtu anayeandika programu, na mtoto aliifanya kwa miguu yake kwenye mchanga.

Lipo pia zoezi la kadi tano zenye vitone 1, 2, 4, 8 na 16. Watoto watano wanasimama, kila mmoja anaonyesha kadi yake au anaificha, na kwa kuonyesha na kuficha wanaweza kuandika kila namba kuanzia 0 hadi 31, tarehe zote za mwezi. Ndivyo simu inavyohifadhi picha, sauti na meseji. Ukishaelewa kwamba picha ni namba, unaelewa kwa nini nakala yake inafanana nayo kabisa, na kwa nini ukiituma kwa mtu mmoja unaweza kuikuta kwa watu elfu. Usalama na kompyuta ni somo moja, ndiyo sababu naomba vifundishwe pamoja. Mtoto anayeambiwa "usifanye hivi" tu atasahau. Anayejua kitu kinavyofanya kazi anajilinda hata kwenye jambo jipya ambalo sisi hatujalisikia.

Nne, mashine chache tunazo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Mimi naviona, maana vinaletwa kwangu vikiwa na vioo vilivyopasuka au chaji iliyokufa. Ni vifaa vizuri. Ukiweka humo Scratch, programu ya bure ya kujifunzia kuandika programu, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha MIT cha Marekani na ambayo ina lugha ya Kiswahili, watoto sita wanaweza kuzunguka kishikwambi kimoja, wakaunganisha vipande vya maelekezo mpaka paka anatembea na kusema. Ikishawekwa haihitaji bando. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo inafunguka humo humo. Mnachotakiwa kutoa ni ruhusa iliyoandikwa kwamba kishikwambi cha mwalimu kinaweza kutumika darasani kwa kipindi hicho, na fungu dogo la matengenezo ili mwalimu asilipie kioo mfukoni mwake. Bila hayo mawili vitabaki vimefungiwa kabatini, na mwalimu huyo simlaumu.

Kuhusu walimu sitasema mengi, mnaijua hali kuliko mimi. Wanafunzi ni wengi, vipindi vingi. Lakini utaratibu wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, upo na walimu hukutana kujifunza kazini. Mada hii iwekwe humo kwa muhula mmoja. Vyuo vya ualimu tunavyo hapa hapa: Kitangali, Nachingwea, Mtwara Kawaida, Mtwara Ufundi. Wanachuo wakija mazoezini wapewe kipindi hiki wakifundishe, wengi wao ni vijana na simu wanazijua. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka kompyuta shuleni na kuwagharamia walimu mafunzo ya TEHAMA; Afisa Elimu asiyeandika barua ya maombi hatapata. Walimu wa madrasa nao wakaribishwe kwenye mafunzo, na wa Jumapili vilevile. Mtoto anayeogopa kumwambia mzazi pengine atamwambia ustadhi.

Wakati wenyewe unatubana. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, na mwaka 2027 wanaomaliza Darasa la Sita kwa mtaala mpya watamaliza pamoja na wa Darasa la Saba wa mtaala wa zamani. Ni watoto wa madarasa mawili wanaotoka shule ya msingi kwa wakati mmoja. Wengi watakwenda sekondari za kata wakiishi kwenye vyumba vya kupanga, mbali na wazazi, na huko ndiko simu ya kwanza ya peke yake hupatikana. Wasipofundishwa sasa wakiwa bado wanalala nyumbani, watafundishwa na wale wanaowatumia vocha.

Hela. Halmashauri zetu zinapata ushuru wa mazao kutoka kwenye korosho na ufuta, na zile zenye gesi, Mtwara kwa Mnazi Bay na Kilwa kwa Songo Songo, zinapata ushuru wa huduma. Sijaomba mabilioni. Karatasi ngumu za kadi, rangi ya kuandika 116 ukutani, nauli na chakula cha walimu wa mafunzo, vioo vya vishikwambi. Madiwani wakikaa kwenye kikao cha bajeti wanaweza kulipata hilo bila kumgusa mtu posho yake.

Kuna wazee wanaosema tukiwafundisha watoto haya tutawafungua macho kwa mabaya. Nawaheshimu, na nawajibu kwa tunachokijua wote. Mtoto wa huku anakua kwenye mikorosho, na ganda la korosho lina mafuta yanayochubua ngozi. Hatuwakatazi watoto korosho. Tunawaonyesha mapema jinsi ya kuchoma na kubangua, wapi pa kushika na wapi moshi unapokwendea. Macho ya watoto kuhusu simu yalishafunguliwa zamani na watu tusiowajua. Kuhusu marufuku ya simu shuleni, naiunga mkono, ibaki. Inaishia getini, na kipindi hiki ni kwa ajili ya saa zote zilizobaki.

Kwa hiyo, Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa, ninawaomba waraka mmoja wa pamoja unaotaja kipindi hiki na madarasa yake. Wakurugenzi, mtaje kwa jina afisa mmoja katika kila halmashauri ambaye mzazi au mwalimu atampigia, na namba yake ibandikwe shuleni chini ya ile ya 116. Maafisa Elimu Msingi, kama shule zote ni nyingi kuanza nazo, chagueni kata moja kwa kila halmashauri, anzeni Januari, nyingine zifuate muhula wa pili. Wathibiti Ubora, mnapokagua shule mwombeni mtoto mmoja yeyote awaeleze afanye nini akiombwa picha au namba ya siri. Msikague daftari, msikilizeni yeye.

Mimi na mafundi wenzangu wa Newala tuko tayari kutengeneza vishikwambi vya kata itakayochaguliwa hapa kwetu kwa bei ya vipuri tu, na kuja darasani kuonyesha simu ilivyo ndani. Mafundi wa Masasi na Lindi mjini niliozungumza nao wamesema hivyo hivyo. Tunaomba majibu yenu kwa maandishi kabla ya vikao vya bajeti vya mabaraza ya madiwani, ili kitakachokubaliwa kipate fungu lake mwaka wa fedha unaokuja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi simu na mzazi,
Newala, Mtwara